KOSA LA CHAPA: MALI AU KARATASI TU?

NGONGA, Kyela

MFANYABIASHARA wa mchele au kakao wilayani Kyela hahitaji kufundishwa kwamba dosari hushusha bei. Mchele wenye chenga nyingi hauuzwi sawa na mchele mzima. Kakao iliyoota ukungu hukataliwa hata kabla mizani haijatulia. Chungu cha Wakisi kilichopinda mdomo ndicho hubaki mwisho kwenye gulio la Matema, na anayekichukua hukichukua kwa bei ya kuondolea hasara.

Lipo, hata hivyo, soko moja ambamo mambo huonekana kwenda kinyume. Katika soko la vitu vya kukusanya, yaani stempu, sarafu, noti za zamani na kadi za wachezaji, bidhaa yenye kosa la kiwandani wakati mwingine huuzwa mara mia au mara elfu ya bei ya ile iliyotoka salama. Habari za namna hiyo husafiri haraka. Mtu akisikia kwamba kipande cha karatasi kilichopigwa chapa juu chini kimeuzwa kwa mamilioni, jioni yake hufungua sanduku la marehemu babu na kuanza kupekua barua.

Kwa wakazi wa Ngonga na mwambao wote wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa jambo hili si la mbali kama linavyodhaniwa. Ukanda huu umepitiwa na posta ya Wajerumani, posta ya jeshi la Waingereza na posta za misheni, na karatasi za nyakati hizo bado zimo katika baadhi ya nyumba. Swali lenye maana kwa mwenye mtaji mdogo ni moja: je, kosa la chapa ni mali kweli, au ni kishawishi cha kumtoa mtu kwenye biashara anayoijua na kumwingiza kwenye asiyoijua?

JIBU LA HARAKA

Kosa lenyewe halina bei. Chenye bei ni uhaba, pamoja na watu wanaoutaka uhaba huo. Kosa huongeza thamani pale tu linapokuwa chanzo cha uhaba: yaani pale mchapaji alipokosea, akagundua mapema, akasahihisha, na nakala chache zikawa zimekwisha kupita mlangoni. Kosa ambalo halikusahihishwa, au lililochapwa kwa mamilioni, ni sura ya kawaida ya bidhaa hiyo. Halimpi mwenye nayo chochote cha ziada.

Mkulima wa kakao anaielewa hesabu hii bila kuelezwa sana. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilivuka dola 10,000 za Marekani kwa tani. Haikuwa kwamba punje zimekuwa tamu zaidi. Mavuno ya Ghana na Ivory Coast yalikuwa yameharibika, na wanunuzi wakagombea kidogo kilichokuwapo. Mwaka 2025 bei hiyo ikaporomoka. Punje ni ile ile. Kilichobadilika ni wingi na hamu.

"ZANZIDAR" YA 1895

Mfano ulio bora kuliko yote katika Afrika Mashariki unatoka Unguja. Mwezi Novemba 1895, posta ya Zanzibar ilipoondoka mikononi mwa utawala wa posta wa India, hapakuwa na stempu mpya tayari. Zilichukuliwa stempu za India zenye sura ya Malkia Victoria, zikapelekwa kwenye mtambo wa chapa wa gazeti la serikali, Zanzibar Gazette, na kugongwa juu yake neno "Zanzibar".

Kazi hiyo ilifanywa kwa herufi za risasi, zilizopangwa moja moja kwa mkono. Herufi hizo huwa kinyume, kama sura kwenye kioo, na fundi aliyechoka huweza kuichukua d akidhani ni b. Ndivyo ilivyotokea. Katika nafasi chache za mpangilio neno likasomeka "Zanzidar". Mahali pengine herufi moja ikaruka, likasomeka "Zanibar". Makosa yalipoonekana yakarekebishwa, na kazi ikaendelea.

Leo stempu ya kawaida ya toleo hilo ni ya bei ambayo mkusanyaji wa kipato cha wastani huko Ulaya anaweza kuimudu, hasa zile za thamani ndogo. Yenye "Zanzidar" ni habari nyingine kabisa. Katalogi kubwa za stempu duniani huiorodhesha peke yake, kwa nambari au herufi yake, na kuipa bei iliyo mbali sana juu ya mwenzake aliyekaa jirani naye kwenye karatasi ile ile.

Msomaji aangalie masharti yaliyotimia hapo. Kosa lilikuwa la mpangilio wa chapa, kwa hiyo kila karatasi iliyopita ilitoa kosa lile lile mahali pale pale. Lilisahihishwa. Lilionekana kwa macho bila kuhitaji hadubini. Likaingia kwenye katalogi. Na Zanzibar ni jina ambalo wakusanyaji wengi wanalipenda. Sharti moja likikosekana, bei hulegea.

NDEGE JUU CHINI

Kosa linalojulikana kuliko yote ulimwenguni ni la Marekani. Mwezi Mei 1918 idara ya posta ya huko ilitoa stempu ya senti 24 kwa ajili ya barua za ndege, ikiwa na rangi mbili zilizochapwa kwa mapito mawili. Karatasi moja yenye stempu 100 iliingizwa mtamboni kinyume, na ndege ikatoka miguu juu. Karani wa kampuni moja ya fedha, William T. Robey, aliinunua kaunta kwa dola 24. Baada ya siku chache aliiuza kwa dola 15,000. Mwezi Novemba 2023 stempu moja tu kati ya zile 100 iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 2.

Sweden nao wanayo yao. Mwaka 1855 stempu ya skilling 3 ilipaswa kuwa ya kijani, moja ikatoka ya njano. Hadi leo inajulikana hiyo moja peke yake. Mwaka 1996 iliuzwa Zürich kwa faranga za Uswisi milioni 2.87.

Habari kama hizi ndizo zinazowasha watu tamaa. Lakini mfanyabiashara mwenye busara huuliza pia kuhusu wale ambao habari zao hazikuandikwa: mamilioni ya watu wenye stempu za mwaka 1918 na 1855 ambazo hazina kosa, na maelfu wenye stempu zenye kosa ambalo hakuna anayelijali.

SERIKALI ILIPOAMUA KUUA BEI

Upo mfano mmoja unaofaa kubandikwa ukutani katika kila duka la mtu anayefikiri kuwekeza kwenye makosa ya chapa, na mwanzo wake haukuwa mbali na Kyela. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, alikufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Mwaka uliofuata, Oktoba 1962, Marekani ilitoa stempu ya senti 4 ya kumkumbuka.

Baadhi ya karatasi zilitoka na rangi ya njano ya nyuma ikiwa imegeuzwa. Sonara mmoja wa New Jersey, Leonard Sherman, alijikuta na karatasi ya stempu 50 za namna hiyo. Kwa hesabu za ndege ya 1918, alikuwa amekalia utajiri. Magazeti yakapata habari.

Mkuu wa posta wa Marekani, J. Edward Day, hakupendezwa na jambo hilo. Alisema posta si mahali pa kuchezea bahati nasibu, na akaamuru kosa lile lichapwe upya kwa makusudi. Zikatoka zaidi ya milioni 40. Sherman alikwenda mahakamani lakini mtambo ulikwisha kufanya kazi yake. Kilichobaki mkononi mwake kilikuwa karatasi pamoja na barua ya posta inayothibitisha kwamba yake ilikuwa ya lile kosa la kwanza. Hadi leo stempu ya Hammarskjöld iliyogeuzwa huuzwa kwa bei isiyotosha kununulia kikombe cha chai.

Kosa ni lile lile, rangi ni ile ile, hadithi inasisimua vile vile. Wingi ndio ulioua bei. Mwenye kununua uhaba anunue akijua ni nani mwenye funguo za mtambo.

KADI ZA WACHEZAJI

Biashara ya kadi za wachezaji haijashika mizizi Afrika Mashariki, lakini huko Marekani ni soko kubwa lenye minada yake, wakadiriaji wake na matapeli wake. Kanuni zake ni zile zile za stempu, ila zinaonekana wazi zaidi kwa sababu kadi ni bidhaa ya kampuni binafsi inayotaka kuuza nyingi.

Kati ya 1909 na 1911 kampuni za sigara ziliweka ndani ya paketi kadi za wachezaji wa besiboli, toleo ambalo wakusanyaji huliita T206. Jina la mchezaji Sherry Magee likachapwa "Magie". Likasahihishwa mapema. Yenye kosa ikawa adimu, na hadi leo ni miongoni mwa kadi zinazotafutwa sana za toleo hilo.

Linganisha na kadi ya Hank Aaron iliyotolewa na kampuni ya Topps mwaka 1957. Picha iligeuzwa, mchezaji wa mkono wa kulia akaonekana wa kushoto. Ni kosa kubwa na linaonekana. Lakini Topps hawakulirekebisha, kwa hiyo kila kadi ya Aaron ya mwaka huo ina kosa hilo. Bei yake hutokana na jina la Aaron na hali ya kadi. Kosa halikuongeza hata senti.

Mwaka 1989 kampuni ya Fleer ilitoa kadi ya Billy Ripken ambayo kwenye kitako cha gongo lake lilisomeka neno la matusi. Kampuni ilihaha kulifuta: mara kwa kulichorachora, mara kwa kulifunika kwa kisanduku cheusi. Bei ya ile ya kwanza ikapaa mwaka huo huo, watu wakanunua kwa pupa. Vumbi lilipotua ikaonekana kwamba nakala zilizokuwa zimetoka hazikuwa chache kama ilivyodhaniwa, na bei ikashuka. Walionunua kileleni walijifunza kwamba kelele za soko na uhaba ni vitu viwili.

Kwa upande mwingine, kadi ya Frank Thomas ya Topps ya 1990 iliyotoka bila jina upande wa mbele imeshikilia thamani yake, kwa kuwa nakala zake ni chache kweli na mchezaji mwenyewe akaja kuwa nyota mkubwa.

Na jambo la mwisho kuhusu kadi: ile iliyouzwa kwa dola milioni 7.25 mwaka 2022, ya Honus Wagner katika toleo lile lile la T206, haina kosa lolote la chapa. Ilisimamishwa kuchapwa mapema, basi. Uhaba ulipatikana bila kosa.

KARATASI ZA MWAMBAO WA NYASA

Sasa turudi nyumbani. Ni nini hasa chenye uwezekano wa kupatikana katika sanduku la Ngonga, Ipyana, Mwaya au Matema?

Kwanza ni barua za enzi ya Wajerumani. Makao ya wilaya yao yalikuwa Langenburg, pwani ya ziwa, kabla ya kuhamia juu, Neu-Langenburg, ambayo ndiyo Tukuyu ya leo. Stempu za Afrika Mashariki ya Kijerumani zenye picha ya meli zilichapwa kwa wingi na nyingi si ghali. Kinachoweza kuzipandisha ni muhuri wa posta unaosomeka vizuri jina la kituo kidogo, tena ikiwa stempu bado imekaa kwenye bahasha yake. Anayeibandua stempu ili "iwe safi" huwa ametupa sehemu kubwa ya thamani jalalani.

Pili ni stempu za vita. Mwishoni mwa Mei 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Edward Northey yalivuka kutoka upande wa Nyasaland na kuikamata Neu-Langenburg. Kwa ajili ya posta ya jeshi hilo, stempu za Nyasaland ziligongwa juu herufi mbili, N.F. Zilikuwa za thamani tano: nusu peni, peni 1, peni 3, peni 4 na shilingi 1. Herufi hizo si kosa, ndivyo zilivyokusudiwa. Wengine huziona wakadhani mchapaji alichafua stempu, na hapo ndipo mjanja huinunua kwa bei ya kashata.

Lakini hatari iko pia upande wa pili. Stempu ya Nyasaland isiyo na herufi hizo ni ya bei nafuu, na kugonga herufi mbili nyeusi ni kazi ndogo kwa mwenye nia mbaya. Ndiyo maana N.F. za kughushi zipo. Kadhalika "Zanzidar" za kughushi zipo, na stempu za Mafia za mwaka 1915, baada ya Waingereza kukiteka kisiwa hicho, nazo zimeghushiwa sana. Popote ambapo maandishi machache ya juu hugeuza karatasi ya bei ndogo kuwa ya bei kubwa, mghushi hayuko mbali.

Wafanyabiashara wa Kyela wana uzoefu wa jambo hili. Ni mara ngapi mchele wa mahali pengine umewekwa kwenye gunia na kuitwa wa Kyela, kwa sababu tu jina hilo linauza? Mnunuzi mzoefu hanunui jina. Hunusa, hutafuna punje, huuliza umetoka shamba gani. Stempu nayo ina kunuswa kwake.

Tatu ni stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika. Toleo la 1935 lina picha ya jahazi kwenye Ziwa Victoria, na wakusanyaji hutofautisha aina mbili: ambayo kamba imegusa tanga na ambayo haikugusa. Tofauti kama hizo huitwa za bamba, kwa sababu zimechongwa kwenye bamba la chapa. Baadhi zina bei nzuri, nyingine hazina. Bila katalogi na kioo cha kukuzia haiwezekani kuzitenganisha.

Nne ni za Zanzibar baada ya Mapinduzi. Januari 1964 stempu zenye sura ya Sultani ziligongwa neno Jamhuri kwa mkono. Kwa kuwa ni mkono wa mtu, mihuri iliyopinda au kugeuka ilikuwa rahisi kutokea. Mtu asidhani kila uliopinda ni hazina. Kazi ya mkono hupinda.

Tano ni stempu za Julai 1964 zenye jina "Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar" kwa Kiingereza. Wapo wanaodhani ni kosa kwa kuwa hazikuandikwa Tanzania. Si kosa. Jina Tanzania lilitangazwa Oktoba 1964, miezi mitatu baadaye.

SARAFU NA NOTI

Kwa sarafu upo ulinzi ambao karatasi haina. Sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916, ile ya tembo, ilitoka kwa aina mbili zinazotofautiana kidogo katika nakshi: moja vipande 6,395 na nyingine 9,803. Tofauti hiyo ndogo haijaleta pengo la kutisha katika bei, kwa kuwa zote mbili ni za maelfu na zote zinatafutwa. Lakini hata soko la wakusanyaji likifa kesho, dhahabu iliyomo itabaki dhahabu. Stempu ikikosa wakusanyaji ni karatasi ndogo yenye gundi.

Upo pia mfano wa sarafu za Afrika Mashariki za mwaka 1936 zenye jina la Mfalme Edward wa Nane, ambaye hakufikisha hata mwaka mmoja katika kiti. Hadithi yake ni tamu, na wauzaji huitumia. Ukweli ni kwamba sarafu hizo zilipigwa kwa wingi na zinapatikana kwa bei ndogo. Hadithi bila uhaba haijazi mfuko.

Kuhusu noti zinazotumika sasa, tahadhari iwe kubwa zaidi. Noti iliyokatwa vibaya au iliyokosa rangi inaweza kuwa kosa la kiwandani. Inaweza pia kuwa noti bandia. Mwenye duka anayeipokea kwa matumaini ya kuiuza ghali anajiweka pabaya, maana kukaa na noti bandia huku ukijua ni kosa la jinai. Yenye shaka ipelekwe benki.

HESABU KABLA YA TAMAA

Chukulia, kwa mfano tu, kwamba mfanyabiashara wa Ngonga ameletewa bahasha yenye stempu inayodaiwa kuwa na kosa. Anaombwa sh. 200,000. Muuzaji anamhakikishia kwamba huko Ulaya inauzwa sh. 600,000, mara tatu. Hesabu yake ikae hivi:

Kununulia: sh. 200,000.
Cheti cha wataalamu: sh. 250,000.
Posta ya rejista na bima, kwenda na kurudi: sh. 60,000.
Ushuru wa dalali wa mnada, asilimia 15 ya sh. 600,000: sh. 90,000.
Jumla: sh. 600,000.

Stempu imeuzwa mara tatu ya bei aliyonunulia, na faida ni sifuri. Hapo hajahesabu miezi ya kusubiri, wakati sh. 200,000 zile zile zingeweza kuzunguka katika mchele msimu mzima. Na ikiwa wataalamu watasema ni ya kughushi, hakuna mnada, sh. 510,000 zimekwenda na bahasha imerudi.

Hesabu hii ndiyo inayotofautisha soko la Ngonga na la London. Mtu aliye London hutembea mtaa mmoja hadi kwa mtaalamu na mtaa wa pili hadi mnadani. Mtu wa Kyela analipa umbali. Kwa hiyo kitu cha thamani ndogo, hata kikiwa halali, hakimlipi kukisafirisha. Kinacholipa ni cha thamani kubwa, na hicho ndicho kinachoghushiwa zaidi.

MASWALI SITA YA MNUNUZI

Wazoefu wa soko hili hupima kosa la chapa kwa maswali yafuatayo, na jibu la "hapana" au "haijulikani" kwa swali lolote hutosha kuzuia mfuko.

1. Kosa ni la mpangilio au ni kituko cha mashine? Wino uliomwagika, vishimo vya pembeni vilivyohama au karatasi iliyokunjika ni vituko. Kila kimoja hutofautiana na mwenzake, havina nambari kwenye katalogi, na bei yake huwa ya kubahatisha.

2. Lilisahihishwa? Lisiposahihishwa, si tofauti. Ndiyo sura ya toleo zima.

3. Limeorodheshwa kwenye katalogi zinazoaminika, kama ile ya Stanley Gibbons ya Uingereza au Michel ya Ujerumani?

4. Zimebaki ngapi, na anayeweza kuchapa nyingine ni nani?

5. Hali yake ikoje? Mkunjo mmoja, kutu ya unyevu au kona iliyochanika huweza kuondoa sehemu kubwa ya bei. Hewa ya ziwani, yenye joto na unyevu, si rafiki wa gundi.

6. Kina cheti? Chama cha Kifalme cha Stempu cha London kina jopo la wataalamu wanaochunguza na kutoa vyeti. Muuzaji wa kitu cha mamilioni asiyetaka kisubiri cheti anauza mbuzi kwenye gunia.

Picha ya simu husaidia kwa hatua ya kwanza: mtaalamu akiiona anaweza kusema kama inafaa kuendelea. Lakini picha haithibitishi wino, karatasi wala gundi, na hakuna anayepaswa kulipa kwa kutegemea picha peke yake.

KWA ALIYE NACHO TAYARI

Mambo ni tofauti kwa yule ambaye hakununua, bali amerithi. Huyu mtaji wake haumo hatarini. Hatari yake ni kuuza haraka. Asibandue stempu, asifute, asinyooshe kwa pasi, asiongeze gundi. Bahasha iachwe nzima pamoja na barua yake. Aziweke mahali pakavu, mbali na mwanga, ndani ya karatasi safi, na aandike alichonacho: kimetoka kwa nani, kilikuwa kwenye sanduku gani, kimeandikwa mwaka gani. Habari hizo za asili huongeza imani ya mnunuzi, na imani hulipiwa.

Akitokea mgeni mwenye gari zuri akataka kununua "zote kwa pamoja" papo hapo, jibu liwe la adabu: aache bei yake kwa maandishi na arudi baada ya mwezi. Mnunuzi halali hurudi. Kizuri chajiuza.

MWELEKEO WA SOKO

Wakusanyaji wa stempu wa rika la zamani wamepungua katika nchi nyingi, kwani barua zenyewe zimepungua. Matokeo yake ni soko lililogawanyika: vitu vya kawaida vimelala, huku vile vilivyo adimu kweli, vyenye cheti na hali nzuri, vikiendelea kugombewa. Kosa la chapa linaweza kuangukia upande wowote kati ya hizo mbili. "Zanzidar" yenye cheti imo upande wa kugombewa. Stempu ya Hammarskjöld iliyogeuzwa imo upande uliolala, na itaendelea kulala.

Kwa mwenye mtaji wa msimu mmoja, ushauri ni kwamba fedha ya mchele ibaki kwenye mchele. Anayetaka kujaribu makosa ya chapa atumie fedha ambayo ikipotea nyumba haitalala njaa, aanze na katalogi kabla ya stempu, na kila anachonunua akiandike kwa tarehe, bei na jina la muuzaji. Mali bila daftari, hupotea bila habari.